Gari Halijanywa Maji

Nati ikadondoka kwenye sufuria, na kilichoifuata hakikuwa oili.

Pale pale tulipomwacha fundi Patrisi ndipo tunapomkuta: chali chini ya gari la Nareyu, katikati ya yadi ya muuza magari Vedasto mjini Karatu, kidole gumba kimeziba tundu la giaboksi. Hataki kukitoa. Wenye magari wamemzunguka, shingo zimerefuka. Nareyu, mjane wa Kimasai kutoka Soitsambu, amechuchumaa karibu na kichwa chake, shanga zinaning'inia, na tangu asubuhi amemwambia neno moja tu.

"Toa."

Patrisi akatoa.

Ukashuka uji. Uji mweusi, mzito, wenye chengachenga, ukajimwaga kwa uvivu ndani ya sufuria. Nyuma yake likachungulia ganda la ndizi, likakwama kidogo tunduni, kisha nalo likaanguka.

Hyasinta, muuza vitunguu na mwenyekiti wa wenye magari waliolizwa, akachota kidogo kwa kidole, akanusa.

"Maranda," akasema. "Maranda ya mgrevilea! Jamani, tumeuziwa mbao!"

Kwa wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla ya kulisoma, nakueleza upesi, na usinizoee. Giaboksi iliyochoka hulia. Fundi mwenye haya huishusha, akabadilisha beringi na gia zilizokwisha meno. Fundi wa Vedasto huchanganya maranda na oili nzito, akitaka kunogesha huongeza ganda la ndizi, akamimina humo, na kelele zote zikakoma. Mnunuzi akilijaribu gari mjini, limetulia kama bibi harusi. Likikutana na mlima wa kwanza, maranda yanasagika, na gia zinaanza kutafunana zenyewe kwa zenyewe.

Hivyo ndivyo gari hili kuukuu la kubebea watalii lilivyouzwa kwa Nareyu na akina mama wenzake wa Soitsambu. Walitaka kitu cha kuwapeleka wagonjwa na wajawazito hospitali ya Wasso badala ya kuwafunga kwenye pikipiki. Fedha hawakuwa nazo. Walikuwa na mitamba, wote wana mimba, na Vedasto akawachukua. Gari likafia kwenye mlima wa juu ya geti la Ngorongoro, kreta yenyewe halijaiona, likavutwa kurudi Karatu. Mitamba sasa wako zizini nyuma ya yadi hii hii, na lori la kuwapeleka mnadani limeshawasha injini. Wakiingia mnadani leo, wakatawanyika kwa madalali na wachinjaji, Soitsambu haitawaona tena.

Haya, umeshajua. Tuendelee.

Vedasto akatoka ofisini akipangusa mchuzi mdomoni. Mtu mwingine angeona aibu. Aibu na huyu bwana hawajawahi kukutana.

"Nini hicho?"

"Utuambie wewe," akasema Hyasinta.

Vedasto akaitazama sufuria, akamtazama Nareyu kuanzia viatu vya matairi mpaka kichwani. "Naona Wamasai wametia takataka kwenye gari zuri."

"Sisi?"

"Si mlilibariki? Si niliwaona kwa macho yangu, hapa hapa, mnalinyunyizia maziwa na kulichomekea majani kwenye boneti? Mimi nitajuaje mlipofika porini mliendelea kulinyunyizia wapi?"

Baadhi ya wenye magari wakacheka.

Nataka uwatazame vizuri hao waliocheka, maana ndio hao hao waliokuja kulalamika. Yupo mwalimu mstaafu ambaye gari lake huruka gia ya pili kila akikaribia kanisani. Yupo mwenye nyumba ya wageni ambaye difu la gari lake, zile gia za ekseli ya nyuma, hulia mpaka wageni wanaamka. Na Hyasinta mwenyewe, ambaye pikapu yake imebakiwa na gia moja tu, ya rivasi, naye huenda nayo kinyumenyume kutoka sokoni mpaka nyumbani, amekaza uso kana kwamba ndivyo magari yalivyoumbwa.

Wote walinunua kwa Vedasto. Wote wanalalamika. Wanalalamika baa, wanalalamika kwenye kundi la simu, wanalalamika baada ya misa. Karatu ina walalamikaji hodari. Lakini wakimfikia Vedasto, wanajibiwa, wanapoa. Gia inaruka? "Ni mazoea tu, gari halijakuzoea." Kuna harufu ya kuungua? "Hiyo ni harufu ya klachi mpya." Difu linalia? "Difu linalolia ndilo lenye nguvu." Na mtu mzima mwenye ndevu zake anashukuru, anaaga, anarudi nyumbani na kelele zake. Ilibidi mjane atoke Soitsambu kuja kuwafungulia nati moja.

"Fundi," akasema Nareyu. "Nani aliyetia maranda?"

Patrisi alikuwa ameshatambaa nje. Alijipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji mikono.

"Mimi, yeyo, mama yangu, ni fundi wa kufungua tu," akasema. "Kufunga anafunga mwingine."

Hata Vedasto alimtazama kwa dharau.

"Sawa," akasema Nareyu, akasimama. "Mimi sikuja kwa ajili ya maranda. Maranda ni yako na dhamira yako. Vedasto, nakuuliza jambo moja. Gari hili limekunywa maji ya kisima chetu?"

Nyuma ya Nareyu alikuwa amesimama Supeet, mdogo wa marehemu mumewe, dereva aliyeliendesha gari ile safari ya kwanza. Kijana mrefu, shuka safi, simu mbili, akili za kuazima. Aliposikia neno maji, fimbo ilimponyoka mkononi. Aliiokota haraka. Hakuna aliyemjali, nawe ungeweza usimjali.

"Maji gani tena?" akauliza Vedasto.

"Siku ile ya kununua nilikuambia. Kwetu, ng'ombe akinunuliwa, bado ni wa aliyemuuza mpaka anywe maji ya kisima cha aliyemnunua. Akianguka njiani, ameanguka mikononi mwa muuzaji. Nikakuambia gari nalo liwe hivyo. Ulijibu nini?"

Hapa, msomaji wangu, mwizi mwenye akili angesema hakumbuki. Angesema hapakuwa na shahidi. Angesema lolote. Lakini dharau ni ulevi, na Vedasto alikuwa amelewa siku nyingi.

"Nilikubali!" akapasuka kicheko, akiwageukia watu. "Mnakumbuka? Mama huyu anataka gari linywe maji kisimani! Nikamwambia, mama, hata likitaka togwa, mpaka linywe kwenu ni langu! Akatema mate kiganjani, nami nikatema, tukapeana mkono. Nilinawa kwa sabuni mara kadhaa! Ndiyo nilisema. Na leo narudia mbele ya wote. Halafu?"

"Halafu halijanywa," akasema Nareyu. "Halikufika. Ni lako. Turudishie mitamba wetu."

Kicheko kikakatika.

Ilimchukua Vedasto kitambo kuelewa kwamba amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Ungeweza kuona kitu kile kikimwingia, polepole, kikianzia masikioni. Wenye magari wakaanza kunong'ona. Mwalimu mstaafu akasema, "Hiyo ni sheria," kwa sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuisikia sheria hiyo mpaka dakika ile.

"Ngoja!" akafoka Vedasto. Huyu bwana hakosi mlango wa nyuma. "Mitamba wako zizini kwangu. Wamekunywa maji yangu kila siku. Kwa sheria yenu hiyo hiyo, ni wangu!"

"Wamekunywa," akasema Nareyu bila kupandisha sauti. "Maana yake sisi tumekulipa, na malipo yamefika. Wewe ndiye hujatupa kitu. Mtu aliyepokea na hajatoa, kwenu Karatu anaitwaje?"

"Mwizi!" wakajibu wenye magari kwa pamoja, wakashtuka wenyewe kwa ushujaa wao.

Vedasto akaangaza macho. Lori lilikuwa linaunguruma nyuma, dereva akipiga honi ya kutaka kupakia. Mnada haumngoji mtu. Akapiga ngumi boneti la gari la akina mama.

"Basi linywe! Mnataka linywe Soitsambu? Nitalipeleka mimi mwenyewe, leo hii, kwa mikono yangu! Likinywa tu, hata likifia hapo hapo kisimani, si langu tena. Sawa?"

"Sawa," akasema Nareyu. "Na mitamba wasitoke zizini mpaka tuone."

"Sawa! Patrisi! Funga hiyo nati, tia kitu, tuondoke."

"Kitu gani, bosi?"

"Kile kile!"

"Kipi, bosi?"

"Kile kile cha siku ile, mbwa wewe! Maranda si yamo hapo kwenye gunia?"

Hata dereva wa lori aliacha honi.

Nimeandika hadithi za wezi kwa muda mrefu, na wengi wao huwa nawahurumia kidogo. Huyu simhurumii. Alikuwa amekiri mbele ya umati mzima, na hakuona kuwa amekiri, kwa sababu machoni mwake umati ule haukuwa na watu. Palikuwa na wanunuzi tu.

Patrisi akatia kile kile. Alifanya upesi, mtu anayeijua kazi yake. Akakaza nati, akapangusa, akamkabidhi bosi funguo, kisha akakatiza nyuma ya choo cha yadi na hakuonekana tena siku hiyo. Ndiyo mara ya mwisho kumtaja leo, na naona raha.

"Supeet, panda," akasema Nareyu. "Unaijua njia."

"Shemeji, mimi nina miadi Karatu..."

"Panda."

Hyasinta akamshika Nareyu mkono. "Dada, ukiondoka tu, watapakia. Namjua huyu. Atampigia dereva simu kabla hamjafika getini."

"Sasa tufanyeje?"

Hyasinta alikwenda kwenye pikapu yake, akawasha, akaingiza ile gia moja aliyobakiwa nayo, akaipeleka kinyumenyume kupita katikati ya watu, kupita mbele ya lori, mpaka nyuma yake ikagota kwenye lango la zizi. Akazima. Akachomoa funguo, akazitia kifuani.

"Hee! Toa gari hilo!" akapiga kelele dereva wa lori. "Sogeza mbele!"

"Mbele halina," akajibu Hyasinta, akapanda kuketi juu ya boneti na kukunja kitenge chake. "Mwulize bosi wako. Ndivyo alivyoniuzia."

Wenye magari wakapiga vigelegele mpaka wanaume. Kwa mara ya kwanza tangu waanze kulalamika, mmoja wao alikuwa amelitumia gari la Vedasto kwa kazi ambayo linaiweza.

Vedasto akatema chini, akaingia kwenye usukani. Nareyu akakaa pembeni yake. Supeet akajikunja nyuma, kwenye viti vya watalii. Wakaondoka.

Kwenye lami gari lilikwenda vizuri. Lami haimuumbui mtu. Mashamba ya ngano na mbaazi yalipita, Vedasto akaanza kupiga mluzi, akaweka mkono dirishani.

"Unasikia? Kimya kabisa," akasema. "Gari hili lina nini? Nyinyi mnajua kuswaga ng'ombe tu. Gari linataka mtu."

Nareyu alikuwa akiutazama mlima.

Wakafika getini, wakapita, na lami ikaisha. Mlima ukaanza. Msitu ulisimama pande zote, ukungu umelala barabarani, udongo mwekundu umelowa. Magari ya watalii yaliwapita moja baada ya jingine. Vedasto akashusha gia. Gari likaguna.

Akaingiza ya pili. Mkono wa gia ukaruka, ukarudi katikati wenyewe.

"Eh!"

Akairudisha. Ikaruka.

"Mbona gia ya pili inaruka?"

"Inaruka?" akauliza Nareyu.

"Inaruka yenyewe! Naiweka, inatoka! Naiweka, inatoka!"

"Ni mazoea tu," akasema Nareyu. "Gari halijakuzoea."

Vedasto akamtupia jicho, lakini hakuwa na nafasi ya kutukana, maana barabara ilikuwa inakunja. Akaishikilia gia kwa mkono mmoja, usukani kwa mwingine, jasho likaanza kumtoka. Chini ya miguu yao kitu kikaanza kusaga, taratibu, kisha kwa hasira.

"Unasikia harufu?" akasema. "Kuna kitu kinaungua! Hebu nusa!"

"Nimenusa. Ni harufu ya klachi mpya."

"Usinichezee, mama! Na hili difu! Sikia difu linavyolia! Hili gari haliwezi kumfikisha mtu popote! Nani anaweza kumuuzia binadamu mwenzake kitu kama hiki?"

Ndiyo. Hayo ni maneno yake, sikuongeza chumvi. Alilalamika kwa gia, akalalamika kwa klachi, akalalamika kwa difu, neno kwa neno, sauti ile ile ya kulia ambayo wanunuzi wake walimletea ofisini akiwa anakula. Mtu aliyewacheka wote alikuwa amekuwa mwenye gari kwa nusu ya mlima tu, na hakuweza kuvumilia. Nareyu alitazama nje ya dirisha. Sina hakika, lakini nadhani alitabasamu.

Ya pili ikakataa kabisa. Ikabaki ya kwanza. Injini ikapiga kelele, gari likatambaa, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho wa kazi yake. Kwenye kona ile ile lilikofia mara ya kwanza, mvuke ukafumka chini ya boneti, na gari likasimama.

"Jiwe! Weka jiwe!"

Supeet akaruka, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Vedasto akashuka, akafungua boneti, akarudi nyuma akipunga mikono. Rejeta ilikuwa inachemka kama sufuria ya makande, mvuke unapiga mluzi pembeni ya kizibo.

"Linataka maji," akasema. "Likipata maji litapoa, litapanda. Nina chupa moja tu ya kunywa. Mara ile mlilipoozaje?"

"Mimi sikuwepo," akasema Nareyu. "Nilipanda gari la watalii kurudi getini kutafuta wa kutuvuta. Supeet ndiye aliyebaki."

Wote wawili wakamgeukia Supeet.

Supeet alikuwa ameinama kwenye lile jiwe, analipanga vizuri, ingawa jiwe lilikuwa limeshakaa vizuri muda mrefu.

"Supeet," akasema Nareyu. "Ulitia maji?"

"Kidogo, shemeji. Lilikuwa linachemka."

"Maji gani?"

"Maji tu."

Vedasto alikuwa ameshaanza kupekua nyuma ya viti, akitafuta chochote chenye maji. Mkono wake ukatoka na dumu la njano, tupu, lenye alama ya rangi nyekundu ubavuni. Alitaka kulitupa. Kisha akasita.

Huyu ni mtu wa hovyo, nimeshasema, lakini kwenye ng'ombe ana macho. Alama ile alikuwa akiiona kila asubuhi zizini kwake, imechomwa kwenye mapaja ya mitamba. Mshale mmoja, na kijiti kimeukata. Alama ya ng'ombe wa boma la kina Nareyu.

Akaliinua dumu taratibu mpaka usawa wa uso wa Nareyu.

"Hili dumu la nani?"

Nareyu hakuhitaji kulitazama. Akina mama wa Soitsambu hupaka madumu yao alama ili yasipotezane kisimani, na ile alama aliipaka yeye. Asubuhi ya kuja kununua gari alilijaza yeye, akalifunga yeye, akamtwika Supeet, akamwambia ni maji ya safari, asinywe ya barabarani. Sasa alielewa kila kitu kwa mara moja. Alielewa fimbo iliyoanguka. Alielewa miadi ya Karatu.

Supeet naye aliona kuwa ameelewa. Akajinyoosha. Na hapo, badala ya kukaa kimya, kitu ambacho hata lile jiwe lilikuwa linakiweza, akafungua mdomo. Alisema kwa Kimasai, haraka haraka, akimkonyeza shemeji yake, akijiona mjanja kuliko wote waliowahi kuvaa shuka.

"Shemeji, niseme kwamba ulilijaza wewe kisimani kwetu, au niseme nililijaza Karatu?"

Ukungu ukatulia. Ndege mmoja akalia msituni, akaacha.

Vedasto amenunua ng'ombe kwenye minada ya Wamasai tangu hajaota ndevu. Mwalimu mstaafu hajui, Hyasinta hajui, na Supeet, ambaye aliwahi kumwona akipatana bei Wasso mchana kutwa, hakujiuliza hata siku moja alikuwa akipatana kwa lugha gani.

"Sema kweli tu, mwanangu," akasema Vedasto, kwa Kimasai safi, bila kukosea neno.

Supeet akakaa chini barabarani.

"Limekunywa!" Vedasto akarusha dumu juu, akalidaka. "Limekunywa maji ya kisima chenu, kwa mikono yenu! Mimi nahangaika na mlima, kumbe gari lenu toka zamani! Mitamba wangu! Mnada wangu!" Akatoa simu mfukoni, akaanza kumtafuta dereva wa lori. "Mvuteni huyo mama wa vitunguu na pikapu yake, pakieni!"

"Weka simu," akasema Nareyu.

"Utabisha?"

"Sibishi. Nililijaza mimi. Maji yalikuwa yetu." Alisema waziwazi, ingawa kila neno lilimtoka na mtamba. Akina mama wote wa Soitsambu walimtegemea, na hakudanganya. "Lakini hujamaliza sheria, Vedasto. Uliicheka kabla hujaisikia yote. Ng'ombe akitia mdomo majini, maji yakamtoka puani, hajanywa. Huyo ni mgonjwa, na mgonjwa ni wa aliyemuuza. Kunywa ni maji kukaa tumboni."

"Upuuzi!"

"Tangu siku ile, kuna mtu ameongeza maji kwenye rejeta hii?"

Gari lilivutwa mpaka yadini, likakaa. Leo lilitiwa maranda tu. Vedasto mwenyewe aliingia kwenye usukani kwa hasira na hakuangalia maji, kwa sababu hakuwahi kuangalia maji ya gari lolote aliloliuza. Yaliyokuwa humo ndani, kama yapo, ni yale yale ya Soitsambu.

"Basi ni rahisi," akasema Nareyu. "Fungua. Likiwa limebakiza maji, hata ya kulowesha kidole, limekunywa. Chukua mitamba, mimi narudi kwetu kwa miguu. Likiwa limeyatema yote, ni lako, na ng'ombe wetu wanatoka zizini leo."

"Nafungua!"

"Lakini limechemka. Subiri lipoe."

Vedasto akaigeukia rejeta. Mvuke ulikuwa unaendelea kutoka pembeni ya kizibo, mweupe, mnene, ukipiga mluzi na kupotelea kwenye ukungu. Akautazama ukienda. Kila dereva, kila fundi, hata kila mtalii anajua kwamba rejeta inayochemka haifunguliwi. Unakaa pembeni, unangoja.

Lakini kilichokuwa kinapaa pale kilikuwa ni maji. Maji ya Soitsambu, yanapungua mbele ya macho yake, na kila alivyozidi kungoja ndivyo mitamba walivyozidi kurudi kwao.

"Vedasto, usiguse," akasema Nareyu.

Akavua shati. Akalikunja kiganjani, akakishika kizibo kwa mkono wote, akaleta uso karibu aone vizuri ndani, na akazungusha. Yaliyotoka humo utayasoma wiki ijayo, na gazeti hilo usilifungie maandazi kabla ya kulisoma.